Ndhiwa Hadi Diani kwa Wiki Moja: Ratiba Iliyopangwa Kuanzia Mwisho

Kutoka Ndhiwa, Homa Bay, hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, ukipita Rodi Kopany, Rongo, Kisii, Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni nyingine kama 480. Kwenda na kurudi, familia ya huku inayotaka kuuona mji wa Mombasa na kuoga bahari inapita kilomita zaidi ya 1,600, na mwenye wiki moja tu hana budi kuhesabu saa kabla hajahesabu pesa.

Ratiba ninayoichambua hapa ni ile tuliyoitumia nyumbani kwetu likizo ya Agosti: watu wazima wawili na watoto wawili wa shule ya msingi. Naichambua kwa sababu kila likizo majirani wananiuliza ilivyowezekana, na wengi wao wamewahi kwenda pwani wakarudi wamechoka, wakiwa wameona zaidi barabara kuliko bahari. Kosa ninaloliona katika mipango mingi ni lile lile: mtu anaandika orodha ya mahali anapotaka kufika, kisha anatafuta gari. Sisi tulianza na siku ya kurudi.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Mama wa nyumba alitaka Jumamosi na Jumapili za kufua sare, kununua madaftari na kupumzisha watoto, kwa hiyo kurudi Ndhiwa kulipaswa kuwa Ijumaa jioni bila mjadala. Kama Ijumaa ni siku ya basi kutoka Nairobi, basi Alhamisi ni siku ya treni kutoka Mombasa. Kwa upande wa mbele hesabu ikawa hivyo hivyo: kuondoka Ndhiwa Jumamosi asubuhi, kulala Nairobi, kupanda treni Jumapili. Katikati zikabaki Jumapili alasiri, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na nusu ya Alhamisi. Ukiondoa muda wa kuhama kutoka Mombasa kwenda ufuo wa Diani, unabaki na siku kama tatu na nusu za kufurahia. Hicho ndicho kiasi halisi cha likizo kilichomo ndani ya wiki, na ni afadhali kukijua ukiwa nyumbani kuliko kukigundua ukiwa kwenye kivuko cha Likoni.

Sasa kuhusu vyombo. Kutoka huku hadi Nairobi mtu ana njia tatu za maana: basi la usiku, gari la mchana, au kwenda Kisumu kupanda ndege. Ndege inachukua chini ya saa moja angani, lakini ukiongeza safari ya Kisumu, kungoja uwanjani, na nauli ya watu wanne, inafaa zaidi mtu mmoja mwenye shughuli kuliko familia. Ushindani wa kweli ni kati ya basi la usiku na la mchana.

Basi la usiku linavutia kwa sababu linaonekana kukuokolea siku nzima. Unapanda jioni, unaingia Nairobi alfajiri, na treni ya Madaraka Express ya saa mbili asubuhi inakungoja Syokimau. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mpango huo unaunganisha vyombo viwili bila nafasi ya kupumua katikati. Lori likilala kwenye mteremko wa Mai Mahiu, au mvua ikikata barabara upande wa Narok, tiketi nne za treni zimepotea. Tena Syokimau si kituo cha kufika na kuruka ndani. Mizigo inapangwa chini kwa mstari ili mbwa wa usalama wainuse, kisha kuna mashine za ukaguzi na kuonyesha kitambulisho, na abiria anatakiwa awepo kama saa moja kabla. Anayelazimika kusafiri usiku achukue treni ya saa tisa alasiri, apate asubuhi nzima ya kufidia ucheleweshaji. Sisi tulikuwa na watoto, tukachagua gari la mchana. Tuliondoka asubuhi na mapema, tukafika Nairobi kabla ya giza, tukalala kwa shemeji. Ugali wa shemeji na godoro la sebuleni havina nauli, na hakuna hoteli inayoshinda hapo.

Treni zenyewe ni tatu kwa siku kila upande. Ya saa mbili asubuhi inasimama vituo vya njiani, kama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani, na inafika Mombasa alasiri mapema, baada ya kama saa sita. Ya saa tisa alasiri ni ya haraka, kama saa tano, lakini inakushusha Miritini, kituo cha Mombasa, giza limeshaingia. Ya saa nne usiku inakufikisha kabla ya alfajiri, wakati ambapo chumba ulichokodi bado kina mgeni mwingine. Tulikwenda na ya asubuhi, kwa sababu mbili. Kwanza, kufika mji usioujua mchana ni usalama na ni nafuu: unaona magari, unapatana bei bila hofu. Pili, reli inakatiza Tsavo. Watoto waliokaa upande wa dirisha walihesabu ndovu wekundu kwa udongo wa huko bila sisi kulipa kiingilio cha mbuga.

Hilo la wanyama lilitusaidia kukata jambo jingine. Watu wengi kutoka huku huweka siku nzima Nairobi kwa ajili ya mbuga ya wanyama. Lakini sisi wa Ndhiwa tuna Ruma pale Bonde la Lambwe, hifadhi yenye swala aina ya korongo ambao hawapatikani porini kwingine kokote nchini Kenya. Kuitumia siku ya likizo ya pwani kutazama pundamilia Nairobi, huku mbuga iliyo jirani yako hujawahi kuingia, ni matumizi mabaya ya siku. Ruma ina wikendi yake. Nairobi tukaipa kazi moja: kulala.

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote, yaani mji ni upi. Safari ya mji na ufuo inakwenda vizuri pale mji na ufuo viko pamoja. Chukua Brazil, nchi ambayo watu duniani kote huiwaza wakiota safari ya namna hii. Rio de Janeiro inapendwa na wenye siku chache kwa sababu ufuo wa Copacabana umo ndani ya mji. Mtu anatoka kwenye treni ya chini ya ardhi, anatembea kidogo, anafika mchangani. Mgeni huyo huyo akitaka Rio, São Paulo na Salvador ndani ya wiki, atajikuta anaishi kwenye viwanja vya ndege: Rio hadi São Paulo ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na Rio hadi Salvador ni zaidi ya 1,600, yaani safari yetu nzima ya kwenda na kurudi. Kanuni inayofanya kazi kule inafanya kazi huku: mji mmoja, wenye bahari yake. Kwetu mji huo ni Mombasa. Malindi na Watamu tuliviacha, vikiwa zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Shimoni na kisiwa cha Wasini tuliviacha pia, ingawa roho iliuma, kwa kuwa vingekula Jumatano yote.

Jumatatu ikawa ya mji. Tulianza Ngome ya Yesu asubuhi kabla jua halijakomaa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi ikaanguka 1698. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watoto huelewa historia wakigusa ukuta. Ningependa pia mzazi awaambie jambo ambalo vibao havisemi kwa sauti: Pedro Álvares Cabral, Mreno aliyefika Brazil Aprili 1500, aliendelea na safari ile ile akazunguka Afrika, na ilipofika Agosti mwaka huo alikuwa Malindi. Pwani ya Brazil na pwani yetu zilifikiwa na kundi moja la meli za Wareno ndani ya safari moja ya bahari. Mtoto wa Ndhiwa akilijua hilo akiwa amesimama juu ya ngome, bahari iliyo mbele yake inapanuka.

Kutoka ngome unaingia Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro vyake vina kivuli, milango iliyochongwa, na misikiti kama wa Mandhry ambao ni wa tangu 1570. Tulikula mahamri na mbaazi, tukarudi kulala saa za jua kali. Kwa mtu aliyezoea hewa ya huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto la Mombasa lina unyevu unaochosha bila kutembea sana. Ratiba isiyo na usingizi wa mchana inavunjika siku ya pili, na wa kwanza kulia ni mtoto mdogo. Jioni tukaenda Mama Ngina, kando ya bahari, tukanywa madafu, tukala kachiri na viazi karai, tukitazama meli zikiingia mlango wa Kilindini.

Jumanne ni siku ya kuvuka. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo lilitupa saa nzima ya bure. Asubuhi, umati wa Likoni unatoka bara kusini ukija kisiwani kazini, jioni unarudi. Familia yenye mizigo ikivuka kutoka kisiwani kwenda Likoni asubuhi inakwenda kinyume cha mkondo wa watu, na feri ya upande huo ina nafasi. Kwa mtembea kwa miguu feri haina malipo. Ng'ambo unapanda matatu ya Ukunda, na kutoka Ukunda tuktuk inakufikisha ufuoni Diani. Kurudi Alhamisi hatukugusa feri kabisa. Tulikodi gari likapita barabara ya Dongo Kundu, ambayo tangu kukamilika kwake mwaka 2024 inaunganisha upande wa kusini na Miritini moja kwa moja. Siku ya kwenda, feri ikichelewa unapoteza muda wa kuogelea tu. Siku ya kurudi, feri ikichelewa unapoteza treni. Gharama ya gari la kukodi tuliiweka pale ambapo kuchelewa kungetuumiza, na hilo ndilo neno ninalotaka wapangaji wa safari wa huku walishike zaidi ya yote.

Nimeliacha nyuma jambo ambalo watu wa ziwa hatulijui, na ambalo ndilo linaamua kama ufuo utakuwa mtamu au la: maji kujaa na kupwa. Ziwa Victoria halina jambo hilo la kuonekana kwa macho. Ukienda kuoga Homa Bay asubuhi au jioni, maji yako pale pale. Bahari ya Mombasa inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na katika bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inazidi mita 3. Siku za nusu mwezi, yanapokuwa maji mafu, tofauti hupungua hadi karibu mita moja. Familia isiyojua hili inafika ufuoni saa nne asubuhi imebeba chakula na nguo za kuogelea, inakuta mchanga, majani ya baharini na vidimbwi, na bahari iko mbali kule kwenye mwamba. "Baba, maji yameenda wapi?" Swali hilo nimelisikia Diani kutoka kwa watoto wasio wangu, na baba zao hawakuwa na jibu.

Jibu linapatikana kabla ya safari. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji, na anayelikosa anaweza kuutazama mwezi. Katika eneo la Mombasa, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Baada ya wiki, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu na saa nne au tano asubuhi na kupwa alasiri. Kwa hiyo, ukichagua wiki, umechagua pia saa za kuoga.

Sisi tulichagua wiki ambayo mwezi mpevu uliangukia siku zetu za Diani. Asubuhi ya Jumatano maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea na watoto kuelekea mwamba tukiwa na viatu vya plastiki, kwa sababu chini kuna wanyama wenye miiba na mawe makali. Waliona samaki wadogo wa rangi vidimbwini, kaa, na viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota. Alasiri bahari ilirudi hadi karibu na minazi, wakaogelea mpaka jua likazama. Siku moja ikatoa michezo miwili. Mwenye watoto wachanga, au asiyejali mwamba, ninamshauri maji mafu badala yake: bahari haiendi mbali, na asubuhi yenye jua la upole ndiyo yenye maji ya kuogelea.

Kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuipitia haraka. Maji yanapoanza kurudi, hayaji kama ukuta kutoka mbele. Yanajaza kwanza mifereji iliyo kati yako na nchi kavu. Mtu aliye kwenye mwamba akitazama wimbi la nje anaweza kugeuka akakuta njia aliyopita imemfika kiunoni. Mtoto wa ziwani anayejua kuogelea anajiamini, na kujiamini huko ndiko kunakotia hofu. Weka saa ya kurudi kabla ya maji kugeuka, na mtembee na kijana wa pale anayeijua njia. Malipo yake ni madogo kuliko thamani ya kazi anayofanya.

Msimu nao una sauti yake. Aprili na Mei ni masika, mvua inanyesha pwani mfululizo. Desemba ni kaskazi, anga safi, lakini nchi nzima inashuka Mombasa na bei ya vyumba na mabasi inapanda. Agosti ni kusi: upepo unavuma kutoka kusini, joto ni la wastani, na mawimbi ya nje ni makali ingawa ndani ya mwamba maji yanatulia. Kwa familia ya huku isiyozoea joto, Agosti inaishinda miezi mingine yote. Kwa mkulima wa miwa, hata hivyo, msimu unafuata siku malipo yanapoingia, na hapo inabidi treni na vyumba vilipiwe kidogo kidogo kwa M-Pesa mapema, si kwa mkupuo wa mwisho.

Kuhusu pesa nitasema machache, kwa sababu bei za vyumba hubadilika kila wiki. Nauli ya treni ndiyo iliyo wazi: tangu Januari 1, 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Watu wazima wawili na watoto wawili katika daraja la kawaida ni 4,500, sawa na kiti kimoja cha daraja la kwanza. Viti vya kawaida vinatazamana na miguu inabanana, lakini saa sita si nyingi. Tofauti ya nauli kati ya madaraja hayo mawili tuliipeleka kwenye gari la Dongo Kundu na kwenye usiku mmoja zaidi karibu kabisa na ufuo, ili maji yakijaa watoto waende kwa miguu.

Je, mwenye siku nne tu? Hesabu haimruhusu kwenda pwani. Siku mbili zitaliwa na barabara ya Narok peke yake, na treni itakula sehemu kubwa ya mbili zilizobaki. Huyo namwelekeza ziwani kwetu: siku moja Kisumu, mji uliopata reli kutoka Mombasa mwaka 1901, ale samaki Dunga, kisha avuke kwa feri kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita, aende Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya, na achukue boti kwenda Takawiri, kisiwa chenye mchanga mweupe na minazi ndani ya Ziwa Victoria. Hakuna bamvua la kuhesabu kule, ila aulize wenyeji mahali salama pa kuoga, kwa ajili ya kichocho, viboko na mamba. Naiona safari hiyo kuwa kamili yenyewe, na inasikitisha kwamba watu wengi wa Homa Bay wameiona Diani kabla ya Takawiri.

Kwa mwenye wiki na anayewaza likizo ijayo, fungua kalenda leo, tafuta mwezi mpevu ulio ndani ya siku za likizo, kisha kata tiketi ya treni ya kurudi kutoka Mombasa kabla ya kukata ile ya kwenda. Viti vya Alhamisi na Ijumaa kuja Nairobi mwishoni mwa likizo ndivyo vinavyoisha kwanza.